Bayana ya Bei: Mas'ala ya Nauli za Gari la Moshi

Miongoni mwa mambo ambayo watu wengi huyadhania kuwa ni ya kidunia tupu, wala hayana sehemu katika dini, ni nauli ya chombo. Msafiri hulipa, hupanda, hufika, hushuka. Basi pana mas'ala gani hapo ya kuwapelekea wanavyuoni? Lakini kila mahali ambapo mali hutoka mkono huu na kuingia mkono ule hapakosi haki na batili. Nauli ni malipo ya manufaa, kama kodi ya nyumba na kama ujira wa hamali. Mafakihi wameiweka katika mlango wa ijara, na wamesema kuwa ujira sharti ujulikane, kama bei inavyotakiwa ijulikane katika biashara. Kwa hivyo mwenye gari la moshi hana hukumu ya peke yake. Hukumu yake ni ya mwenye duka na mwenye jahazi.

Mas'ala yenyewe ni haya. Ikiwa muuzaji ameweka bei nyingi kwa kitu kimoja, na zote amezitangaza, wala hakuificha hata moja, lakini amezipanga kwa namna ambayo mnunuzi wa kawaida hawezi kuzifahamu, je, amemdhulumu au hakumdhulumu? Na mnunuzi huyo akikosea katika hizo bei, je, ni haki kuadhibiwa?

Mfano unaofaa kutazamwa ni wa nchi ya Uingereza, kwa sababu mbili. Ya kwanza, huko ndiko jambo hili lilikofika ukomo wake. Ya pili, wamo huko watu wengi wa pwani, wa Mombasa na wa Unguja, waliohamia na kuzaa na kujenga misikiti, nao hupanda magari hayo kila siku.

HALI ILIVYO

Mwaka 1844 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya reli, na katika sheria hiyo likalazimisha kila kampuni iendeshe kila siku gari moja, kwa uchache, kwa ajili ya maskini. Gari hilo lilitakiwa lisimame kila stesheni, mabehewa yake yawe na kifuniko cha kuzuia mvua, na nauli yake isizidi peni moja kwa maili moja. Mtu asiyejua kusoma aliweza kuijua nauli yake kwa kuhesabu vidole: maili ishirini, peni ishirini. Nao waliotunga sheria hiyo hawakuwa Waislamu wala hawakusoma fikihi; akili na insafu ziliwaongoza kuona kwamba maskini anahitaji bei ndogo, na anahitaji vile vile bei anayoweza kuijua.

Reli zikawa mali ya serikali mwaka 1948. Kisha sheria ya mwaka 1993 ikazigawa tena, kazi ya kuendesha magari ikapewa makampuni mengi, na kila kampuni ikapewa njia zake. Ikawa nauli ya kutoka mji wa kwanza hadi wa pili huwekwa na kampuni moja, ya kutoka wa pili hadi wa tatu huwekwa na nyingine, na ya kutoka wa kwanza hadi wa tatu pengine ikawekwa na mojawapo ya hizo, kila mmoja akitazama hesabu yake. Stesheni za nchi hiyo ni zaidi ya 2,500, na kila jozi ya stesheni ina nauli zake. Mwaka 2019 chama cha makampuni hayo chenyewe kilikiri kuwa idadi ya nauli zote imefika kiasi cha milioni 55.

Kisha tikiti zenyewe zikawa za namna nyingi. Iko tikiti ya saa zote, nayo ndiyo ghali kuliko zote. Iko tikiti ya saa zisizo za msongamano, na saa hizo si moja kwa nchi nzima, bali kila njia ina saa zake, hata mtu aliyezijua saa za mji wake akienda mji mwingine huwa hajui kitu. Na iko tikiti ya mapema, ambayo ni rahisi, lakini haifai ila kwa gari moja la saa moja. Likimpita mwenyewe kwa uzembe wake, karatasi yake haina thamani tena. Majina haya yalipangwa mwaka 2008 ili kuwarahisishia watu, na watu hawakurahisikiwa. Tena ziko kadi za punguzo kwa vijana, na wazee, na wenye familia, zenye kupunguza thuluthi ya nauli, nazo zina masharti yake. Ile ya vijana wa miaka 16 hadi 25, kwa mfano, asubuhi kabla ya saa nne, siku za kazi, isipokuwa miezi ya Julai na Agosti, haifanyi kazi kwa nauli iliyo chini ya pauni 12.

Katika haya yamezaliwa mambo mawili ya kushangaza. La kwanza ni kwamba msafiri anaweza kununua tikiti mbili kwa safari moja, ya kwanza mpaka katikati ya njia, na ya pili kutoka hapo mpaka mwisho, akakaa kiti kile kile katika gari lile lile bila ya kuinuka, na tikiti mbili zikawa rahisi kuliko moja. Jambo hili linaruhusiwa na kanuni za reli, maadamu gari lenyewe linasimama katika stesheni ile ya katikati. Kwa safari ya kutoka London kwenda Bristol watu wajuzi wameitaja mara nyingi stesheni ya Didcot. Asiyejua hulipa zaidi, anayejua hulipa kidogo, nao wamekaa bega kwa bega.

La pili ni kwamba mwenye tikiti ya mapema hana ruhusa ya kushuka stesheni iliyo kabla ya ile aliyoandikiwa. Akishuka, amevunja sharti, na anaweza kutozwa zaidi. Yaani mtu amelipia maili mia, akatumia themanini, akawa na deni! Mwenye jahazi wa pwani, akiambiwa kuwa abiria wake aliyelipa nauli ya Lamu ameshuka Malindi, hujiona amepata nafasi ya kupakia mzigo. Wala hapati kumfikiri huyo abiria kuwa ni mwizi.

Zamani msafiri aliyechanganyikiwa alikuwa na pa kukimbilia, ni dirisha la karani wa tikiti. Karani alikuwa akijua njia na saa, na akiulizwa ipi rahisi, alijibu. Siku hizi mauzo mengi yamehamia katika mtandao wa intaneti na katika mashine. Mwaka 2023 makampuni yalitaka kuyafunga madirisha mengi katika Uingereza, na hoja yao ilikuwa kwamba tikiti zinazouzwa hapo hazizidi kiasi cha 12 katika kila 100. Watu zaidi ya 750,000 waliandika maoni yao, wengi wakipinga, na mwezi wa Oktoba mwaka huo serikali ikaiacha azma hiyo. Waliolalamika zaidi walikuwa wazee, na vipofu, na wasiokuwa na simu za kisasa. Mashine huuza bila ya kunasihi. Mtandao nao huonyesha bei kumi kwa mara moja, na baada ya muda mtu akirudi hukuta bei zimegeuka. Baadhi ya wauzaji humo huongeza ada yao juu ya nauli na wengine hawaongezi, na baadhi huitafuta ile njia ya tikiti mbili na wengine hawaitafuti. Mnunuzi hubonyeza kwa dhana, akaondoka na shaka moyoni kama amepunjwa au hakupunjwa.

HOJA YA WAUZAJI

Haifai kumhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Wauzaji wana hoja tatu, na zote zina uzito.

Hoja ya kwanza: kiti kitupu ni khasara isiyorudi. Gari likiisha kuondoka, kiti kilichobaki wazi hakiwezi kuuzwa kesho, kama samaki asiyeuzwa leo. Kwa hivyo si vibaya kukiuza kwa bei ndogo kwa mtu wa mapema, na kwa bei kubwa kwa mtu wa saa ya msongamano. Na maskini mwenye nafasi ya kungoja hupata manufaa katika jambo hili, kwani husafiri kwa bei ambayo asingeipata lau nauli ingekuwa moja kwa wote.

Hoja ya pili: hapana kilichofichwa. Nauli zote zimeandikwa, masharti yote yamechapishwa, na mwenye kutaka kuyasoma na ayasome.

Hoja ya tatu: mnunuzi ameridhika. Hapana aliyemshika mkono. Ameiona bei, ameikubali, amelipa. Na msingi wa biashara ni ridhaa ya pande mbili.

Hoja ya kwanza ni ya kukubaliwa. Sharia haikumlazimisha muuzaji auze kwa bei moja daima. Watu wa Madina walipopandiwa na bei walimwendea Mtume s.a.w. wakamtaka awawekee bei ya lazima, naye akakataa, akachelea kukutana na Mola wake hali ya kuwa amemdhulumu mtu mali yake. Wala si haramu muuzaji kutaja bei mbili, ya taslimu na ya muda, maadamu mnunuzi ameamua moja kabla hawajaachana. Kilichokatazwa ni kuachana bila ya kujulikana ni ipi. Basi mwenye kudai kwamba kila tofauti ya bei ni dhulma, amesema jambo lisilo na msingi.

Hata hivyo pana jambo ambalo wenye hoja hii huliacha bila ya kulitaja. Anayeweza kununua mapema ni yule ambaye safari yake ni ya khiyari. Aliyepigiwa simu usiku kuwa mama yake amefariki hana siku thelathini za kungojea tikiti rahisi. Yeye ndiye anayelipa bei kubwa kuliko wote. Nao wanavyuoni wamechukizwa na bei inayokatwa kwa kutazama dhiki ya mnunuzi. Kwa hivyo, ingawa kutofautisha bei ni halali, mwenye moyo wa Imani hataifanya dhiki ya mtu kuwa ndiyo mizani ya faida yake.

KIOO NA MSAFARA

Hoja ya pili na ya tatu ndizo zenye mas'ala ndani yake, na hapa inafaa kutua.

Watu wa pwani wengi wao hufuata madhehebu ya Imamu Shafii, na katika madhehebu hayo imesemwa wazi kuwa kupunjwa peke yake hakubatilishi biashara. Mfano wao maarufu ni wa mtu aliyenunua kipande cha kioo kwa mali nyingi akidhani kuwa ni johari, na muuzaji hakumwambia kuwa ni johari. Bei hiyo imesihi, wala mnunuzi hana khiyari ya kurudisha, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyefanya taksiri. Mafundi wa johari wako sokoni, mbona hakuwauliza? Wanavyuoni wa madhehebu mengine, khasa Hanbali, wamempa khiyari mtu mjinga wa bei aliyemwamini muuzaji akapunjwa vibaya. Lakini mwenye gari la moshi, akitaka kutafuta hoja, ataipata katika kauli ya Shafii: mnunuzi alikuwa na uwezo wa kuuliza, hakuuliza, basi na ajilaumu nafsi yake.

Lakini madhehebu hayo hayo ya Shafii yana mas'ala ya pili, nayo ni ya msafara. Watu wa majangwani walikuwa wakileta mali zao mjini kuuza, na wajanja wa mjini wakitoka kwenda kuwapokea njiani, kabla hawajafika sokoni wala hawajaijua bei, wakazinunua mali zao kwa bei ya chini. Mtume s.a.w. aliikataza biashara hiyo, na akampa mwenye mali khiyari akifika sokoni. Hapa Shafii hawakusema kuwa mwenye mali amefanya taksiri. Wamempa khiyari ya kuivunja biashara atakapojua kuwa amepunjwa.

Basi na atazame msomaji tofauti iliyopo baina ya watu wawili hawa. Wote wawili wamepunjwa, wote wawili wameridhika kwa ndimi zao, wala hapana aliyeambiwa neno la uwongo. Kwa nini mmoja amenyimwa khiyari na mmoja amepewa? Kwa sababu yule wa kioo njia ya kujua ilikuwa wazi mbele yake, akaiacha. Na yule wa msafara njia ya kujua ilikatwa na yule yule aliyepata faida. Hukumu basi haikutazama ujinga wenyewe. Imetazama nani aliyeusababisha.

Sasa iulizwe: msafiri wa gari la moshi ni mtu wa kioo au ni mtu wa msafara?

Muuzaji atasema ni wa kioo, kwani bei zote zimeandikwa. Lakini kuandika bei milioni 55 si kubainisha bei, kama vile kumtupia mtu chembe yake ya lulu ndani ya gunia la mchanga si kumpa lulu. Bayana si kutoa maneno; bayana ni kufikisha maana. Mwalimu anayesoma kitabu kwa lugha ambayo wanafunzi hawaijui hakufundisha, hata akipaza sauti. Na msafiri aliyesimama mbele ya mashine, gari lake linaondoka baada ya dakika nne, na nyuma yake pana safu ya watu, hana soko la kwenda kuulizia. Soko lenyewe limo ndani ya mashine, na ufunguo wake anao muuzaji.

Yapo mambo mawili mengine katika Hadithi yanayoikata hoja hii ya uandishi. Moja ni la mbuzi aliyeachwa siku kadhaa bila ya kukamwa ili kiwele kijae na mnunuzi adhani kuwa ana maziwa mengi. Muuzaji hakusema uwongo kwa ulimi wake. Kiwele ndicho kilichosema. Pamoja na hayo mnunuzi amepewa khiyari ya kumrudisha. La pili ni la mwenye nafaka aliyepitiwa na Mtume s.a.w. sokoni, naye akatia mkono wake ndani ya lundo, akakuta chini mna umaji. Mtu yule hakukatazwa kuuza nafaka iliyonyeshewa na mvua. Alitakiwa aiweke juu, watu waione. Nafaka yote ilikuwa pale pale sokoni, na mwenye kufukua angeiona. Lakini kufukua hakukuwa wajibu wa mnunuzi. Kuiweka juu ndiyo ulikuwa wajibu wa muuzaji.

Kwa hivyo jawabu ya mas'ala ya kwanza ni hii: kuwa na bei nyingi si dhulma. Kuipanga bei hata mnunuzi wa kawaida asiweze kuijua, na kisha kupata faida kwa kutojua kwake, ni katika jinsi ya udanganyifu, hata kama kila herufi imechapishwa. Na ridhaa inayodaiwa haikutimia, kwani mtu huridhia jambo alilolijua. Aliyelipa ghali kwa sababu hakuoneshwa iliyo rahisi hakuichagua iliyo ghali. Amejikuta nayo mkononi.

KUMWADHIBU ALIYEKOSEA

Lau jambo lingeishia katika kulipa zaidi, ungesema ni khasara ya mali tu. Lakini limevuka mpaka huo. Tangu Januari 2023 faini ya anayekutwa bila ya tikiti sahihi katika magari ya Uingereza imekuwa pauni 100 pamoja na nauli yenyewe, nayo hupunguzwa nusu akilipa kabla ya siku 21 kwisha. Na wengine hupelekwa mahakamani. Mwaka 2024 ulienea mkasa wa kijana mmoja aliyetumia kadi yake ya punguzo asubuhi, bila ya kutambua lile sharti la pauni 12. Alikuwa amenunua tikiti, amelipa, amepanda. Upungufu wake ulikuwa pauni 1 na peni 90. Akatishwa kwa mashtaka ya jinai, mpaka watu walipopiga kelele ndipo kampuni ikauacha mkasa huo. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo hakimu mkuu wa mahakimu wa nchi hiyo alizibatilisha hukumu zipatazo 74,000 za makosa ya nauli, kwa kuwa zilikatwa kwa njia ya mkato, mbele ya hakimu mmoja bila ya kikao cha wazi, na sheria haikuiruhusu njia hiyo kwa makosa yale. Na mwaka 2025 taasisi ya serikali inayosimamia reli ilitoa taarifa yake, ikasema kuwa utata wa tikiti huwafanya watu wakosee bila ya kukusudia, na kwamba kosa la namna moja huhukumiwa kwa namna mbalimbali.

Mizani ya sharia katika jambo hili haina utata. Matendo hupimwa kwa nia, na makosa yasiyokusudiwa yana hukumu yake mbali na khiana. Aliyekosea hutakiwa alipe upungufu wa haki ya mtu, kwani mali ya mtu haipotei kwa kuwa aliyeichukua hakukusudia. Lakini haitwi mwizi. Na jambo likiwa kosa hilo limezaliwa na utata ulioufanya wewe mwenyewe, huna haki ya kuligeuza kuwa chumo. Anayechimba shimo njiani hatakiwi alipwe na aliyetumbukia.

Wala haya yasichukuliwe na mtu kuwa ni ruhusa ya kupanda bila ya tikiti. Wapo Waislamu wanaoishi ugenini ambao nafsi zao huwadanganya kuwa kampuni ni tajiri, au wenye kampuni si watu wa dini yao, basi nauli yake si dhambi kuila. Hii ni batili tupu. Aliyeingia nchi kwa amani ameingia katika ahadi, na ahadi haivunjwi kwa kuwa mwenye nayo ni wa dini nyingine. Muuzaji akiwa na utata, mnunuzi hapati halali ya khiana. Kila mmoja ataulizwa kwa lake.

NYUMBANI NAKO

Ni rahisi kuyasoma haya na kutikisa kichwa kwa ajili ya watu wa mbali. Na kwa kweli, katika nauli za gari la moshi, watu wa pwani wana nafuu. Reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilifunguliwa tarehe 31 Mei 2017. Tarehe 1 Januari 2024 nauli ya daraja la chini ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, na ya daraja la kwanza kutoka 3,000 hadi 4,500. Watu walinung'unika, na haki yao kunung'unika. Lakini hapana aliyeulizana na jirani yake katika behewa moja akakuta kuwa mwenzake amelipa nusu. Huko Tanganyika, gari la Dar es Salaam na Morogoro lilianza tarehe 14 Juni 2024, na mamlaka inayosimamia usafiri ndiyo iliyokadiria nauli kwa kilomita, kama zile peni za mwaka 1844. Bei nzito inayojulikana huuma mara moja. Bei isiyojulikana huuma kila mtu akumbukapo safari yake.

Lakini gari la moshi si biashara peke yake ya pwani. Utingo anayetaja nauli moja jua likiwaka na nyingine mvua ikinyesha, na ya tatu usiku wa kuamkia Idi, baada ya watu kwisha kupanda na mlango kufungwa, amewapokea watu wa msafara njiani. Mwenye duka asiyeandika bei, akamtazama mnunuzi viatu na lahaja yake kabla ya kuitaja, akamuuzia mtu wa bara kwa bei ya mgeni na jirani yake kwa bei ya jirani, na yule wa bara hana wa kumuuliza, huyo naye ajipime. Wakala wa safari za Umra atakayetangaza bei ndogo kwa herufi kubwa, kisha chakula kikawa mbali, na usafiri wa Makka na Madina mbali, na nyumba iliyosemwa kuwa ni karibu na Msikiti ikawa ni mwendo wa saa nzima kwa miguu ya bibi kizee, huyo ameiweka nafaka kavu juu na iliyorowa chini, na jambo lake ni kubwa zaidi, kwa sababu anayemuuzia ni mgeni wa Mwenyezi Mungu.

Biashara ni kazi tukufu, na ndiyo iliyoileta dini hii katika miji ya pwani. Wazee waliosilimu katika bandari hizi waliona watu wa majahazi wakipima pishi ikajaa, na wakitaja aibu ya bidhaa yao kabla ya kuulizwa. Qur'ani ina sura nzima iliyofunguliwa kwa kuwaonya wenye kupunguza vipimo. Zamani kipimo kilikuwa pishi na mizani. Leo kipimo ni kioo cha simu na orodha ya masharti. Chombo kimebadilika, na amri haikubadilika.

Basi muuzaji, awe ni mwenye gari la moshi au mwenye meza ya viazi, ana mambo matatu ya kuyashika. Ataje bei kabla ya mnunuzi kujifunga, na aitaje kwa lugha ambayo mnunuzi huyo, si mwanasheria, anaifahamu. Akiwa ana bei mbili kwa jambo moja, aitaje ile rahisi bila ya kungoja aulizwe, au aeleze kwa nini haimfai aliyesimama mbele yake. Na mnunuzi akikosea, atake haki yake na asitake zaidi. Mnunuzi naye ana mawili: aulize pale anapoweza kuuliza, asije akawa yule mtu wa kioo, na asiufanye utata wa mwenzake kuwa pazia la khiana yake.

Na atakayesema kuwa haya yatampunguzia faida, huenda akawa amesema kweli. Faida inayopatikana kwa mnunuzi kutojua huondoka mnunuzi ajuapo, wala si khasara kuondokewa na mali ambayo tangu hapo haikuwa yako.

Mwenyezi Mungu awape baraka wenye kubainisha, na awaongoze wenye kuficha. Wallahu aalam.